Barua ya Wazi: Mkesha na Apalisi wa Taita Hawatoshelezwi na Mpango Mmoja

Kwa:
Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Taita Taveta
Mhifadhi Mkuu wa Misitu, Huduma ya Misitu ya Kenya (KFS)
Mkurugenzi Mkuu, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS)

Waheshimiwa,

Katika mipango ya kulinda misitu ya vilima vya Taita, ndege wawili hutajwa bega kwa bega: mkesha wa Taita (Turdus helleri) na apalisi wa Taita (Apalis fuscigularis). Wote ni ndege waimbaji, wote hawapatikani popote duniani ila kwenye vilima hivi, na wote wako hatarini kutoweka. Kisha huandikwa dawa moja kwa wote: kupanda miti ya kienyeji na kuzuia ukataji. Tunawaandikia kuwaomba mbadili jambo hilo. Mahitaji ya ndege hawa yanatofautiana, na mahali pengine yanagongana kabisa. Kazi iliyofanywa kwa nia njema kwa ajili ya mmoja inaweza kumwondoa mwenzake kwenye kipande cha mwisho alichobakiwa nacho.

Kuwaweka kapu moja kuna historia yake. Mkesha alielezwa kisayansi na Mearns mwaka 1913, na apalisi na Moreau mwaka 1938, lakini kwa miaka mingi vitabu vya ndege viliwahesabu kuwa namna tu za ndege walioenea: mkesha akawekwa chini ya Turdus olivaceus, apalisi chini ya Apalis thoracica. Ndege anayehesabiwa kuwa tawi la spishi iliyosambaa hadi Afrika Kusini hamshtui mtu akipungua kwenye kilima kimoja. Sasa wametambuliwa kuwa spishi kamili, lakini mazoea ya kuwaandika kwa mkupuo yamebaki.

Kwanza mahali penyewe. Vilima vya Taita ndicho kipande pekee cha Milima ya Tao la Mashariki kilicho ndani ya Kenya. Sehemu nyingine zote ziko Tanzania. Msitu wa asili uliobaki umekatikakatika. Mbololo una takriban hekta 200, Ngangao takriban hekta 120, Chawia hautimizi hekta 100, na zaidi ya hapo kuna vipande vidogo vidogo vya Dawida, kilima kikuu cha Taita ambacho Ngangao na Chawia pia vimo, vingine vya hekta chache tu. Kati ya Mbololo na Dawida lipo bonde la Paranga, lililo chini na lenye joto, ambalo ndege wa msitu wa ukungu hawalivuki kwa urahisi. Kwa hiyo tunaposema "msitu wa Taita" tunazungumzia visiwa vilivyozungukwa na mashamba, nyumba, na mashamba ya misonobari, misaipresi na mikaratusi.

Mkesha ni ndege wa sentimita 20 hadi 22, kichwa na kifua cheusi, ubavu wa rangi ya kutu, tumbo jeupe, mdomo na miguu ya rangi ya chungwa. Maisha yake yako chini. Hupekua majani makavu akitafuta wadudu na viumbe wengine wadogo, na hula matunda ya msituni. Anataka kivuli cha miti mirefu iliyofungana, vichaka vya kiasi vinavyomwachia nafasi ya kutembea, na tandiko nene la majani lenye unyevu. Hayuko kwenye vichaka vilivyoota upya wala mashambani. Ukingo wa msitu unaopigwa jua na upepo kwake ni sawa na msitu uliokwisha: majani hukauka, viumbe wa kwenye udongo hupungua, naye hurudi ndani. Ndiyo sababu hekta 100 zenye umbo jembamba hazimfai kama hekta 100 zilizo duara. Sehemu kubwa ya zile nyembamba ni ukingo.

Makadirio ya mwishoni mwa miaka ya 1990 yalionyesha kwamba kati ya mikesha 1,350 hivi, zaidi ya 1,000 walikuwa Mbololo, takriban 250 Ngangao, na chini ya 40 Chawia. Tofauti kati ya Ngangao na Chawia haielezwi na ukubwa peke yake. Chawia uliharibiwa zaidi ndani, na miili ya ndege wake ilishuhudia hivyo: watafiti waliopima miguu ya mikesha walikuta mguu wa kulia na wa kushoto vikitofautiana zaidi Chawia kuliko Mbololo. Kutolingana kwa namna hiyo ni dalili ya ndege aliyekua katika dhiki. Tunaitaja kwa sababu inaonekana mapema, wakati hesabu ya ndege bado haijaanguka, na meneja wa msitu anaweza kuitumia kama kengele.

Mkesha pia hupanda msitu. Utafiti uliofanywa Taita kuhusu mti wa Xymalos monospora ulionyesha kwamba mbegu zake husambazwa na ndege kadhaa, kila mmoja kwa namna yake, mkesha akiwa mmojawapo. Wakiisha mikesha, hakuna kitalu kitakachofanya kazi hiyo kila siku bila malipo, kwenye kivuli kilekile mche unachokihitaji.

Apalisi ni habari nyingine. Ni ndege mdogo wa sentimita 11 hadi 13, kijivu mgongoni, koo la kahawia nyeusi, tumbo jeupe, macho ya rangi iliyopauka, mkia mrefu wenye weupe pembeni. Anakula wadudu, anaishi wawiliwawili katika eneo lake, na kazi yake yote iko kwenye vichaka vizito vya chini ya miti. Tunda lililoanguka halimhusu, na tandiko la majani si hoja yake kubwa. Anachotaka ni vichaka, mizabibu ya mwituni na miti michanga iliyosongamana, aghalabu kwenye uwazi mdogo ulioachwa na mti mzee ulioanguka. Makao yake yako Dawida: Ngangao, na upande wa Vuria pamoja na vipande vya jirani kama Msidunyi. Mbololo, iliyo nguzo ya mkesha, haiwezi kumwokoa yeye. Hesabu zilizofanywa 2001 na kurudiwa 2009 na 2010 zilionyesha kwamba amepungua kwa zaidi ya theluthi moja ndani ya muda huo mfupi. Katika Orodha Nyekundu ya IUCN, inayopanga viumbe kwa ukubwa wa hatari ya kutoweka, yumo kwenye daraja la mwisho kabla ya kutoweka porini.

Hapa ndipo mipango inapogongana, na tunaomba msome sehemu hii kwa utulivu.

Serikali ya kitaifa imeweka lengo la miti bilioni 15 kufikia 2032, na kila kaunti inatakiwa kuonyesha imepanda mingapi. Mahali rahisi pa kupanda ndani ya msitu wa asili ni kwenye uwazi, kwa kuwa pana mwanga na mtu anafika bila taabu. Kikosi huingia na mapanga, hufyeka vichaka "kusafisha", huchimba mashimo kwa mistari na kupanda. Kwa macho ya mkaguzi, hiyo ni kazi nzuri. Kwa apalisi, nyumba imebomolewa mchana kweupe. Miche ikikua na kufungana, kivuli huua vichaka vilivyosalia, na uwazi uliokuwa na jozi ya ndege unabaki na miti michanga iliyo mitupu chini. Mkesha naye hafaidiki haraka, maana itachukua miongo mpaka hapo papate tandiko la majani na kivuli anachotaka. Kwa hiyo kwa miaka mingi wote wawili wamekosa.

Kinyume chake ni kosa vilevile. Tumesikia pendekezo la kukata miti michache ndani ya Ngangao ili kuongeza uwazi kwa ajili ya apalisi. Msifanye hivyo. Uwazi wa asili hutokea mti mmoja ukianguka. Ule wa msumeno huja na njia ya kuburuta magogo, na njia huleta mifugo, kuni na jua. Mkesha huhama eneo kubwa kuliko lile lililokatwa, na vichaka vinavyopaswa kuota huliwa na mbuzi kabla apalisi hajafika.

Tunachopendekeza ni kugawa kazi kwa mahali. Mbololo na kiini cha Ngangao visimamiwe kwa ajili ya mkesha: hakuna njia mpya, hakuna kuzoa majani kwa mbolea au matandiko ya mifugo, hakuna kufyeka, na ukingo uzibwe. Vuria, Msidunyi na mzunguko wa nje wa Ngangao visimamiwe kwa ajili ya apalisi: vichaka viachwe, uwazi wa asili uachwe ujifunge wenyewe, na kila mita ya kichaka ihesabiwe kuwa msitu katika ripoti zenu. Chawia unahitaji kutibiwa kutoka ndani, polepole, kwa kupandia pale tu ambapo hakuna kinachoota chenyewe.

Upandaji wenyewe ufanyike nje ya msitu uliopo, yaani kwenye mkanda unaouzunguka na kwenye mashamba ya miti ya kigeni yanayopakana nao. Mambo yanayoharibika hapo ni yaleyale kila msimu, na yanaepukika.

Mbegu zichukuliwe kwenye kipande kilekile cha msitu au cha jirani, kutoka kwa miti isiyopungua 20 au 30 ya kila aina, si kutoka mti mmoja ulio karibu na barabara. Mbegu za Prunus africana na Syzygium hazivumilii kukauka. Zikianikwa juani kama mahindi, zimekufa. Nyama ya tunda iondolewe, zioshwe, zioteshwe ndani ya siku chache. Newtonia buchananii, Tabernaemontana stapfiana, Albizia gummifera na Strombosia scheffleri ziwemo kwenye mchanganyiko kwa sababu ndizo hasa msitu wenyewe. Miti inayokua haraka kama Macaranga na Maesa lanceolata itangulie kutoa kivuli, na ile ya kivuli ifuate miaka miwili au mitatu baadaye. Kupanda Strombosia peupe siku ya kwanza ni kupoteza miche.

Nafasi ya mita 3 kwa 3 huchukua miche 1,111 kwa hekta. Kwa ukingo wa apalisi hiyo ni mingi mno. Huko pandeni kwa vishada, kila kishada miche 10 hadi 15 iliyokaribiana, halafu acheni mita 10 au zaidi za vichaka kati ya kishada na kishada. Palizi iwe ya duara la mita moja kuzunguka mche, kwa mkono au jembe dogo, na isiwe kufyeka shamba zima. Mche utoke kitaluni ukiwa na urefu wa sentimita 30 hadi 50, baada ya kupunguziwa kivuli na maji kwa wiki kadhaa ili ukomae. Upandwe mvua ikiwa imeshalowesha udongo, siyo siku ya sherehe iliyopangwa miezi mitatu kabla. Tumeona bajeti zinazolipia shimo na mche bila kulipia hata palizi moja. Bila palizi ya miaka miwili au mitatu, nyasi na lantana, kichaka cha kigeni, humaliza karibu kila kitu, na mwaka unaofuata mashimo yaleyale yanahesabiwa upya.

Kuhusu miti ya kigeni, msiiondoe yote kwa mara moja. Chini ya misonobari ya Ngangao inaota miche mingi ya kienyeji iliyoletwa na ndege. Mkandarasi anayelipwa kwa ujazo wa mbao hataiona. Kateni kwa mikanda membamba, mti uangushwe kuelekea nje ya msitu wa asili, na gogo liburutwe kwenye njia moja iliyowekwa alama. Misonobari na misaipresi ikikatwa haichipui tena kutoka kwenye kisiki, hivyo kazi ni ya mara moja. Mkaratusi huchipua. Kisiki chake kikatwe karibu kabisa na ardhi, kimenywe gamba hadi chini, na machipukizi yarudiwe kila miezi michache mpaka mizizi iishiwe nguvu. Mkataba usiolipia marudio hayo unazalisha mikaratusi minne palipokuwa na mmoja. Na pale misonobari inapogusa msitu wa asili, mkanda wa kukinga moto ulimwe kabla ya kiangazi. Majani makavu ya msonobari hushika moto upesi, na moto ukiingia msituni huchukua vichaka vya apalisi na tandiko la mkesha kwa usiku mmoja.

Lantana iliyosonga ukingo nayo iondolewe kipande kwa kipande huku vichaka vya kienyeji vikichukua nafasi yake. Ikifyekwa yote kwa wiki moja, jua linaingia msituni bila kizuizi.

Kuni na fito ni jambo gumu zaidi, na hatulitaji kuwalaumu wakazi. Familia inapika kila siku. Lakini kanuni ya kuruhusu "kuni kavu tu" haimlindi apalisi kama inavyodhaniwa. Anayetafuta kuni kavu hupita kwenye vichaka kila asubuhi, hufungua njia kwa panga, na fito za kujengea na kuegemezea maharagwe hukatwa humohumo, kwa unene uleule wa miti michanga ambayo ndege huyu huishi ndani yake. Mkesha anaweza kustahimili kupotea kwa fito chache mradi dari limefungana. Apalisi hawezi. Kwa hiyo katika maeneo ya apalisi tunaomba uchukuaji wa kuni uhamishiwe kwenye mashamba ya miti ya kigeni, chini ya makubaliano na vyama vya jamii vya misitu ambavyo Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016 inavitambua, na wakazi wapewe miche ya kuni na fito ya kupanda kwenye mipaka ya mashamba yao kabla katazo halijaanza. Katazo likitangulia, watu wataingia usiku, na walinzi watapoteza urafiki wa majirani ambao ndio macho yao.

Vuria tunauombea uangalizi wa pekee. Kilele chake, kilicho juu ya mita 2,200, kina minara ya mawasiliano, na kila mnara unahitaji barabara, uzio na eneo lililofyekwa. Tathmini ya athari kwa mazingira inayohesabu miti mikubwa iliyokatwa itasema madhara ni madogo, kwa kuwa kilichoondolewa ni "vichaka". Tunawaomba muitake Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira ikubali tathmini za Vuria na Msidunyi pale tu zitakapokuwa na hesabu ya jozi za apalisi ndani ya eneo la kazi na jirani yake. Vigingi vya mipaka ya vipande vidogo viwekwe na ramani zake zibandikwe ofisini kwa chifu. Mpaka usioonekana husogea kila msimu wa kulima.

Jambo la mwisho ni kuhesabu, kwa kuwa maamuzi yote yatategemea namba. Mkesha ni mkimya na mwenye haya. Mtu akisimama mahali kwa dakika 10 asubuhi na kuandika alichosikia, atawakosa wengi na kuripoti msitu mtupu. Yeye huhesabiwa kwa nyavu nyembamba, kuvishwa pete zenye namba, kuachwa, kisha kunaswa tena. Uwiano wa waliokwisha kuvishwa pete ndio unaotoa makadirio. Nyavu zikaguliwe kila dakika 20 hadi 30 na zifungwe mvua ikinyesha, maana ndege aliyelowa kwenye wavu hufa kwa baridi. Apalisi huhesabiwa vizuri kwa vituo vya kusikiliza vilivyopishana mita 150 hadi 200, kati ya mapambazuko na saa nne asubuhi. Sauti iliyorekodiwa ikichezeshwa ili ajibu, ichezeshwe kwa muda uleule kila kituo, kwa kuwa ndege huyu huifuata sauti na jozi moja inaweza kuandikwa mara mbili. Zabuni ya "kuhesabu ndege wa Taita" inayotaja njia moja tu itawapa namba sahihi ya ndege mmoja na namba ya uongo ya mwingine. Hesabu hizo zirudiwe miezi ileile na vituo vilevile, angalau kila baada ya miaka mitatu, na takwimu zote zihifadhiwe mahali pamoja ambapo kaunti, KFS na KWS zinaweza kuzisoma.

Tunaomba mambo matatu kabla ya mvua za vuli zijazo: upandaji wote ndani ya uwazi wa Ngangao, Vuria na Msidunyi usimamishwe, maeneo ya mkesha na ya apalisi yachorwe kwenye ramani moja inayokubaliwa na ofisi zenu zote tatu, na bajeti ya miche ihamishe sehemu yake kwenda kwenye palizi na kung'oa mikaratusi. Tuko tayari kutembea na maafisa wenu kipande kwa kipande na kuwaonyesha palipo na kichaka cha kuachwa na palipo na ukingo wa kuzibwa.

Wenu katika kazi,
Wafuatiliaji wa ndege wa misitu ya Taita